Kedleston, Jumba Lililojengwa Litazamwe

Nathaniel Curzon aliporithi mali ya ukoo wake huko Derbyshire, Uingereza, mwaka 1758, nyumba ya wazee wake haikumtosha. Mwaka uliofuata mafundi wakaanza kujenga jumba jipya, Kedleston. Kijiji kilichokuwa karibu mno kikahamishwa, na barabara ikageuzwa. Kanisa la kale peke yake ndilo lililoachwa, nalo mpaka leo limebanana na jumba.

Wasanifu walipokezana: Matthew Brettingham, kisha James Paine, kisha Robert Adam, Mskoti aliyekuwa ndiyo kwanza arudi kutoka Roma. Adam alianza kwa kupewa bustani tu. Haikuchukua muda akalitwaa jumba zima. Upande wa kusini akauchora kwa kuiga Tao la Konstantino la Roma, kuba juu yake.

Ndani, ukumbi mkuu una nguzo 20 za alabasta yenye mishipa, iliyochimbwa kaunti jirani ya Nottinghamshire. Kuta zake hazina madirisha. Mwanga huingia kupitia vioo vya darini, kama katika nyumba za Warumi. Nyuma yake kuna chumba cha duara chenye kuba ya futi 62, karibu mita 19, kwa mfano wa Pantheon, hekalu la kale la Roma. Hata majiko ya kupashia chumba joto yamefichwa ndani ya maumbo ya madhabahu za kale.

Nani aliishi humo? Kwa kweli hakuna. Familia ilikaa katika nyumba ya pembeni, jiko likiwa upande wa pili, na chakula cha wageni kilipitishwa kwenye ujia uliopinda. Jumba la kati lilikuwa la karamu na la kuwatambia wageni. Msimamizi wa nyumba, Bi Garnett, aliwatembeza watu vyumbani katika karne hiyohiyo ya 18. Mwandishi Samuel Johnson, aliyefika mwaka 1777, alisema lingefaa kuwa ukumbi wa mji. Hakukosea sana.

Ramani ilitaka nyumba nne za pembeni. Zikajengwa mbili tu. Zote nne zilisimama Kolkata, ambako ikulu ya gavana wa Kiingereza, iliyokamilika mwaka 1803, ilifuata mfano wa Kedleston. George Curzon, aliyezaliwa Kedleston, aliishi katika ikulu hiyo akiwa mwakilishi wa ufalme wa Uingereza nchini India kuanzia mwaka 1899 hadi 1905. Vitu alivyokusanya Asia viliwekwa katika makumbusho ndani ya jumba la kwao, ambalo tangu 1987 liko mikononi mwa shirika la National Trust.