Kabla ya Filimbi ya Msimu: Tabora, Ulyankulu na Soka Iliyozaliwa Shuleni

Agosti 2023, mkoa wa Tabora ulirudi Ligi Kuu ya Tanzania Bara baada ya kuikosa kwa miaka tisa. Timu yake, iliyokuwa bado inaitwa Kitayosce, ilifungua msimu ugenini Chamazi dhidi ya Azam. Iliingia uwanjani na wachezaji wanane, kwa kuwa taratibu za usajili wa wenzao hazikuwa zimekamilika. Azam walipata mabao manne. Wawili kati ya wale wanane wakaumia, wakabaki sita, na kanuni hairuhusu timu kuendelea ikiwa na wachezaji chini ya saba. Mwamuzi akaumaliza mchezo hata kipindi cha kwanza hakijaisha.

Siku ile wengi walizungumzia aibu. Kilichostahili kuzungumzwa zaidi ni jinsi msimu unavyoandaliwa. Kila mwaka ligi inapokaribia, mashabiki wa Tabora, Urambo, Kaliua na Ulyankulu huulizana swali lilelile: nani kasajiliwa? Historia ya mpira katika mkoa huu inadai swali jingine liulizwe kwanza: nani kalelewa hapa? Soka ya nchi hii ilianzia shuleni na vyuoni, na Tabora ilikuwa miongoni mwa nyumba zake za mwanzo.

Kutoka njia ya misafara hadi Kiungani

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Watu waliotekwa nao waliswagwa kwa njia hiyohiyo, wakiwemo watoto.

Baadhi ya watoto walionusuriwa kutoka majahazi ya watumwa walipelekwa Zanzibar kwa wamisionari wa UMCA, kwenye shule ya Kiungani, nje kidogo ya mji. Shule hiyo baadaye ikawa Chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichofundisha walimu na mapadri. Hapo, kabla karne ya 19 haijaisha, vijana wa Kiafrika walikuwa wakicheza kandanda jioni baada ya masomo. Klabu zinazotawala mazungumzo yetu leo zilikuwa bado kabisa: Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Mwalimu aliyehitimu Kiungani alipopangiwa kituo bara aliondoka na vitabu vyake, na mchezo alioujua akaenda nao. Chuo chenyewe kilihamia bara katika miaka ya 1920 na kuwa Minaki, jina ambalo wapenzi wa elimu wanalijua vizuri.

Kwa hiyo tunapozungumzia soka ya vyuo hatuzungumzii pambo la pembeni la mchezo huu. Tunazungumzia shina lake.

Reli, na shule iliyofuata

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyowachukua wapagazi miezi sasa ilihesabiwa kwa siku. Tabora ikawa njiapanda ya reli, mji wa karakana, makarani na askari. Watu wa namna hiyo, waliotoka makabila na mikoa mbalimbali na kukutanishwa na kazi, ndio walioanzisha timu karibu kila mahali Afrika Mashariki.

Kisha ikaja shule. Serikali ya Waingereza ilifungua Shule ya Serikali ya Tabora katika miaka ya 1920, kwanza ikiwalenga watoto wa watemi na machifu. Iliendeshwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza: mabweni yaliyoshindana, viranja wenye mamlaka, gwaride, bendi, na michezo ya jioni iliyohesabiwa kuwa sehemu ya malezi. Julius Nyerere alisoma hapo tangu 1937 hadi 1942. Rashidi Kawawa na Oscar Kambona nao walipita hapo.

Mtu akisoma orodha hiyo huona viongozi peke yao. Jambo jingine lililojengwa katika shule ile ni desturi. Mvulana wa Kisukuma, wa Kihaya, wa Kichaga na wa Kinyamwezi walivaa jezi moja ya bweni, wakafundishwa kucheza kwa nafasi, kumtii nahodha na kukubali filimbi. Uhuru ulipokuja, nchi ilirithi walimu waliolelewa hivyo, na walimu hao wakaipeleka desturi hiyo katika kila shule waliyopangiwa.

Matunda yake yalionekana. Taifa Stars ilipofuzu kwa mara ya kwanza fainali za Mataifa ya Afrika, zilizochezwa Nigeria mwaka 1980, nahodha wake alikuwa Leodegar Tenga, mhandisi aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Darasa na uwanja havikumgombania. Baadaye aliliongoza Shirikisho la Soka, TFF, kuanzia 2004 hadi 2013.

Ulyankulu: uwanja wa waliokuja kutoka mbali

Kaskazini-magharibi mwa mji wa Tabora, chini ya kilomita 100, ndani ya misitu ya miombo, kuna Ulyankulu. Ardhi hii ilikuwa ya himaya ya Mtemi Mirambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871 hadi 1875 na kuifunga njia ya misafara mpaka bei ya pembe ikatikisika Zanzibar. Jeshi lake la rugaruga lilikuwa jeshi la vijana. Mirambo alifariki Desemba 1884, na jina lake limebaki mkoani kwa namna nyingi, pamoja na klabu ya Milambo, iliyoubeba mkoa katika ligi ya juu ya nchi miaka ya 1990.

Mwaka 1972 Ulyankulu ilipata sura mpya. Wakimbizi waliokimbia mauaji nchini Burundi walipewa ardhi huku wakafyeka pori, wakalima mahindi, maharage na baadaye tumbaku. Makazi yalipangwa kwa barabara zenye namba, na wapenzi wa nyimbo za Injili kote Afrika Mashariki wanaijua mojawapo kwa sababu ya kwaya yake, Barabara ya 13. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watu walizidi uwezo wa ardhi, maelfu wakahamishiwa Mishamo. Waliobaki walijenga shule, makanisa, masoko na viwanja.

Hapa pana jambo ambalo historia ya soka yetu haijalipa uzito. Kijana aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1975 alisoma Kiswahili, aliimba wimbo wa taifa shuleni na alicheza mpira na watoto wa Kinyamwezi wa vijiji jirani. Lakini alihesabiwa mkimbizi, na mkimbizi hawezi kuvaa jezi ya taifa, hata awe na kipaji gani. Serikali ya Tanzania ilifungua mlango wa uraia kwa wakimbizi wa 1972, na zaidi ya watu 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakakubaliwa. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Tangu kuwasili kwao mwaka 1972 hadi cheti ilikuwa zaidi ya miaka 40, muda wa kutosha kwa vizazi viwili vya wanasoka kuanza na kustaafu.

Mtoto aliyezaliwa Ulyankulu mwaka ule wa 2014 sasa yumo katika umri wa kuchaguliwa timu ya shule, akiwa Mtanzania tangu siku ya kwanza. Kizazi hiki ni hazina mpya ya mkoa.

Miaka ambayo kiwanja kilinyamazishwa

Ngazi ya kumpandisha mtoto huyo ipo tayari. Shule za msingi zina mashindano ya UMITASHUMTA, sekondari zina ya UMISSETA. Mchujo huanzia shule, hupanda kata, wilaya, mkoa, hadi taifa. Kwa kijana wa Ulyankulu, ngazi hii ni muhimu kuliko kwa kijana wa Dar es Salaam. Wa Dar akicheza ndondo Kinondoni au Temeke anaweza kuonwa na mtu wa klabu siku hiyohiyo. Wa Ulyankulu anahitaji mashindano yenye kumtoa kijijini na kumweka mbele ya macho ya wengine.

Ndiyo maana uamuzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wa kuisimamisha michezo hii ya shule uliumiza zaidi mikoa ya mbali. Hoja ilikuwa kwamba michezo inapoteza muda wa masomo. Michezo ilirejeshwa baadaye katika muongo huohuo, lakini walimu wa michezo waliokuwa wamezoea kazi walikuwa wametawanyika, na viwanja vingi vya shule vilikuwa vimeanza kumegwa. Ngazi ikikatika kwa miaka michache, wanaokosa kupanda ni wale waliokuwa na umri wa kupanda wakati huo, na umri haurudi.

Tabora ilipata nafasi ya kuikumbusha nchi thamani ya michezo hiyo mwaka 2022, ilipokuwa mwenyeji wa UMITASHUMTA na UMISSETA ngazi ya taifa. Wanafunzi wa mikoa yote walikutana katika mji uleule ambao Reli ya Kati na Shule ya Tabora viliufanya kuwa mahali pa kukutana. Aprili mwaka uliofuata wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa soka ya shule huko Durban, Afrika Kusini. Walitoka shuleni moja kwa moja, wakarudi na kombe la bara zima.

Timu za mkoa na kasoro moja

Tukiziangalia timu za Tabora katika Ligi Kuu kwa jicho hilo, kasoro moja inajirudia. Rhino Rangers, timu ya wanajeshi, ilipanda mwaka 2013 pamoja na Mbeya City na Ashanti United. Msimu ulipokwisha, Mbeya City ilikuwa ya tatu na Rhino ilikuwa imeshuka. Kitayosce nayo ilikuwa na asili ya Moshi, ikahamia Tabora na kuwa Tabora United. Baada ya mwanzo ule wa Chamazi ilihangaika msimu mzima, ikaponea kwenye michezo ya mchujo.

Msimu wa pili ulikuwa tofauti kabisa. Novemba 7, 2024, Tabora United iliifunga Yanga 3-1 hapohapo Chamazi, Offen Chikola akifunga mawili, na mwisho wa msimu ikashika nafasi ya tano. Katikati ya 2025 klabu ikawa mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania na kuitwa TRA United, nyumbani kwake pakibaki Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi.

Fedha zimesaidia, na mtu mwenye haki hawezi kulipinga hilo. Lakini timu ya jeshi ilitegemea uhamisho wa askari, na timu ya kununuliwa hutegemea hiari ya mnunuzi. Mzizi wa nyumbani ndio unaoifanya klabu idumu jina likibadilika na mfadhili akiondoka.

Tuangalie nini msimu huu

Shabiki anayetaka kuupima msimu unaokuja asianze na picha za wachezaji wapya. Aangalie kwanza kama usajili na vibali vya wageni vinakamilika mapema, maana Agosti 2023 ilikwisha kutoa somo hilo. Kisha aangalie kikosi cha vijana chini ya miaka 20: wangapi wametoka UMISSETA ya Tabora, na wangapi wameletwa na mabasi kutoka mikoa mingine?

Aangalie pia vyuo. Mji wa Tabora una Chuo cha Ualimu, Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, Chuo cha Ardhi, Chuo cha Ufugaji Nyuki na vingine. Vijana wa umri wa miaka 19 hadi 23, umri ambao mchezaji hukomaa, wamejaa humo, na wengi wao wana kipaji ambacho hakijapata mtu wa kukitazama. Klabu ikikaa na vyuo hivi, ikakubaliana navyo kuhusu ratiba ya mazoezi na mitihani, kijana hatalazimika kuchagua kati ya cheti na jezi. Tenga hakulazimika.

Na aangalie barabara ya kwenda Ulyankulu. Siku wasaka vipaji wa klabu watakapoizoea kama wanavyoizoea wanunuzi wa tumbaku, mkoa utakuwa umeanza kujijengea timu yake wenyewe.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa fainali za Mataifa ya Afrika. Ili Tabora isibaki mtazamaji tu, na kwa heshima ya walimu waliouanzisha mchezo huu chuoni na kuuleta bara, halmashauri za Tabora, Urambo na Kaliua zilinde viwanja vya shule visimegwe. Walimu wakuu waachie jioni za michezo zibaki za michezo. Klabu ipeleke makocha wake kwenye mashindano ya shule. Wazazi wa Ulyankulu, mtoto akiomba ruhusa ya kwenda kwenye mchujo wa kata, mpeni, na mwende mkamtazame akicheza.