Mwingilianomatini katika Doctor Who na Star Trek

Doctor Who ilianza kuonyeshwa Uingereza mnamo 1963. Star Trek ikafuata nchini Marekani mnamo 1966. Kwa muda mrefu tamthilia hizi mbili za bunilizi ya kisayansi zilirejeleana kwa vidokezo tu. Mwaka 1988, Star Trek: The Next Generation ilionyesha mti wa nasaba wenye majina ya waigizaji waliowahi kuwa Daktari. Mwaka 2005, Rose, mhusika wa Doctor Who, alimtaka Daktari aige japo kidogo mambo ya Spock. Katika mifano yote miwili, kazi ya jirani inatambuliwa kuwa sanaa: wanaotajwa kwanza ni waigizaji, si mhusika, naye Spock ni kiumbe wa kubuniwa hata kwa Rose.

Hali ilibadilika mnamo 2012, kampuni ya IDW, iliyokuwa na leseni za pande zote mbili, ilipochapisha hadithi ya katuni Assimilation² katika matoleo 8. Humo Daktari anakutana na Picard ana kwa ana, nao Cybermen, waliobuniwa 1966, wanashirikiana na Borg wa 1989. Kufanana kwa maadui hao hakuthibitishi kuigana. Hivyo, mhakiki hana budi kutenga mambo matatu: kidokezo, mfanano na makutano. La mwisho halitegemei ubunifu pekee, bali pia hakimiliki.