Madaktari 13 wa Uswisi na sayansi ya kuunga mifupa

Neno 'mganga' siku hizi limebebeshwa hirizi na tunguri, ilhali kitenzi 'ganga' kina maana nyingine ya tangu jadi: kushikanisha kilichovunjika. Ndiyo maana tuna 'gango', kifaa cha kushikilia vipande viwili pamoja. Wagiriki nao walikuwa na osteon, mfupa, na synthesis, kuweka pamoja. Madaktari wa Ulaya wakaunda humo neno osteosinthesi, yaani kuunga mfupa kwa upasuaji, na neno hilo likaipa jina taasisi ninayoizungumzia leo.

Sisi husema tu fulani kaanguka na bodaboda, kawekwa vyuma mguuni, na baada ya siku chache tunamwona anatembea kwa magongo. Miaka ya 1950 mambo hayakuwa hivyo. Aliyevunjika paja alilala kitandani wiki baada ya wiki, mguu ukivutwa kwa uzani, au akafungwa plasta. Mfupa ulishikana, naam, lakini mara nyingi ulishikana umepinda, misuli imenywea, goti halikunjiki. We fikiria mkulima wa milimani akirudi shambani hivyo! Upasuaji ulikuwapo ila uliogopwa, na si bure, kwa kuwa usaha ukiingia mfupani mtu aliweza kupoteza mguu.

Mwaka 1950 daktari kijana wa Uswisi, Maurice Müller, alikwenda Brussels kumtembelea Robert Danis. Danis alikuwa akibana vipande vya mfupa kwa bamba na skrubu, vikakazika kiasi kwamba mgonjwa aliweza kusogeza viungo mapema. Müller alirudi kwao na wazo hilo, akatafuta wenzake. Tarehe 6 Novemba 1958, katika hoteli moja mjini Biel, madaktari 13 walianzisha Arbeitsgemeinschaft für Osteosynthesefragen, jumuiya ya kushughulikia masuala ya uungaji wa mifupa. Kwa kifupi, AO. Walikuwamo Martin Allgöwer, Hans Willenegger, Robert Schneider na Walter Bandi, na wengi wao walihudumu katika hospitali za miji midogo.

Vifaa walitengenezewa na fundi vyuma wa Bettlach, Robert Mathys. Mwaka 1959 wakafungua maabara Davos, mji wa sanatoria za kifua kikuu ambazo dawa mpya zilikuwa zikiziacha bila wagonjwa. Desemba 1960 wakaandaa kozi ya kwanza huko huko, na wapasuaji wenye majina yao wakashikishwa drili kama wanagenzi.

Kwa maoni yangu, siri yao haikuwa chuma. Ilikuwa daftari. Kila mwanachama alitakiwa kuwasilisha rekodi za wagonjwa aliowapasua pamoja na picha za eksirei: za kabla, za baada, na nyingine mwaka ukishapita, mfupa uwe umepona au umekataa. Daktari kukubali wenzake waone alipoharibu si mchezo. Lakini ndivyo walivyojua mbinu ipi inafaa na ipi itupwe, na ndivyo walivyowajibu waliosema upasuaji ni hatari tupu.

Pesa nazo zina kisa chake. Waanzilishi hawakutia mfukoni mirabaha ya vifaa walivyobuni. Haki zake ziliwekwa chini ya Synthes AG Chur mwaka 1960, na ada walizolipa watengenezaji zikaendesha utafiti na mafunzo. Mwaka 1984 jumuiya ikageuka wakfu usio wa kutengeneza faida, makao yake Davos. Hata hivyo, mtafiti na muuza vifaa kulala kitanda kimoja ni jambo la kutiliwa shaka daima. Mwaka 2006 wakfu uliiuzia kampuni ya Synthes hataza na alama zake za biashara. Mwaka 2012 kampuni hiyo ikanunuliwa na Johnson & Johnson, ambayo wakfu unashirikiana nayo hadi leo.

Katika mwongo uliofuata 2010 lilizuka humo tawi la kuhudumia nchi maskini, AO Alliance. Katika nchi kama Malawi, ambako wapasuaji wa mifupa ni wachache mno na kazi kubwa hufanywa na maafisa wa kliniki, kozi zake hufundisha pia jambo ambalo wale 13 walikusudia kulipunguza: kufunga plasta, na kuifunga sawasawa.