Risasi ya Mbali, Mnyama wa Karibu

Daladala za uwanja wa ndege wa Mwanza hupita Kirumba, zikapita Pasiansi, na abiria wengi hawajali hapo zaidi ya kujua nani anashuka. Lakini Pasiansi, ndani ya Ilemela, kuna taasisi ambayo tangu mwaka 1966 imekuwa ikiwanoa askari wa wanyamapori, watu wanaoitwa tembo akivamia mahindi au kiboko akianza kufukuza wavuvi. Ukikaa na watu wa kazi hiyo, usishangae maongezi yakihamia kwenye risasi. Kijana atauliza ipi inapiga mbali. Mkongwe atamrudishia swali: mnyama gani, na umemsogelea hatua ngapi?

Swali la mkongwe lina umri mkubwa kuliko bunduki. Wasukuma walikuwa na chama chao cha wawindaji wa tembo, bayege, chenye dawa zake, nyimbo zake na miiko yake. Mshale wao wa sumu haukuhitaji nguvu kubwa. Ulitaka ngozi itoboke tu, kisha mwindaji afuate nyayo hata kutwa nzima. Mshale hauendi mbali, kwa hiyo ufundi wote ulikaa kwenye miguu, kwenye kuusoma upepo, na kwenye subira.

Mpelelezi John Hanning Speke alipoliona Ziwa Victoria kutokea Mwanza, Agosti 3, 1858, bunduki za bara zilikuwa za kujazwa mdomoni: baruti, kitambaa, risasi ya mviringo, kisha mdeki wa kushindilia. Ndani ya mtutu hamkuwa na mifuo ya kuizungusha risasi, hivyo ilitoka ikiyumba. Kumlenga nyati hatua mia moja ilikuwa kubahatisha. Hata hivyo gobori liliingia kwa wingi wa kutisha. Mwishoni mwa miaka ya 1880, konsuli wa Uingereza pale Unguja alikadiria bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mwenye gobori alifanya kama mwenye mshale: alinyata.

Mwaka 1875 mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, alifika Kageye, kwenye Ghuba ya Speke, akiwa na bunduki nzito ya tembo na risasi zinazopasuka zikigonga. Mwezi Aprili, kisiwani Bumbire, ng'ambo ya pili ya ziwa, aliielekeza bunduki hiyo kwenye mitumbwi ya watu, akaja kuyaandika hayo kitabuni mwake bila kuficha. Nayataja kwa sababu habari za risasi za wanyama wakubwa hupenda kusimuliwa kana kwamba kati ya mtutu na pembe hapakuwa na mtu mwingine yeyote.

Halafu ikaja karatasi. Mwaka 1890, kwa mkataba wa Brussels, mataifa makubwa yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiwafikie Waafrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Gobori liliachwa lipite kwa masharti. Miaka sita baadaye gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji, na leseni ikaanza kumtenga mwindaji na jangili. Kwa hiyo tunaposema fulani alichagua risasi, tukumbuke kwamba kuchagua kwenyewe kulikuwa ruhusa ya wachache. Mwindaji wa bayege alibaki na baruti nyeusi na chochote kilichoingia mdomoni mwa gobori. Mpaka miaka yetu hii majangili wamekamatwa wakiwa na vipande vya nondo kama risasi.

Wale wenye ruhusa walipata vitu vipya kila baada ya miaka michache. Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884. Jambo hilo linaonekana dogo hadi ukumbuke kwamba mwenye baruti nyeusi alikuwa hamwoni mnyama wake baada ya mlio wa kwanza. Wingu zima lilisimama mbele ya uso wake. Askari wengi wa Kijerumani huku Afrika Mashariki waliingia vita ya 1914 na bunduki za zamani za aina hiyo, na moshi ukawa unawaonyesha walipojificha.

Mwaka 1905 jeshi la Ujerumani lilianza kutumia risasi yenye ncha kali. Ile ya zamani, yenye kichwa butu, ilikuwa na uzito unaokaribia gramu 15 na ilitoka kwa mita 640 hivi kwa sekunde. Mpya ilikuwa ya gramu 10, kwa mita 880 hivi. Wafaransa walikuwa wametangulia mwaka 1898 na risasi iliyochongwa nyuma ikapungua, ili hewa isiivute. Hapo ndipo risasi ya masafa ilipozaliwa: kwenye mahesabu ya majeshi ya Ulaya, kwa ajili ya kumpiga mtu aliye mbali. Porini ilikuja kama mgeni.

Na mgeni huyo hakuwaweza wenyeji wakubwa. Kitu chepesi, cha kasi, chenye ncha laini, kikigonga bega la nyati huchanua mapema au kuvunjikavunjika kabla ya kufika kwenye moyo. Kwa tembo na kifaru ilitakiwa risasi ngumu, yenye ganda nene la chuma na kichwa butu, itakayopita kwenye mfupa bila kupinda njia. Mwaka huohuo wa 1905, fundi Otto Bock wa Berlin alitoa risasi ya milimita 9.3 inayoingia kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser. Walowezi wa makoloni waliipenda kwa sababu ya mfuko, kwani bunduki ya mitutu miwili kutoka London ilikuwa mali ya matajiri. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ikaleta .375, yaani kipenyo cha inchi kwa sehemu za elfu. Ina kichwa cha gramu 19.4 na kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Inafika mbali kiasi cha kumpata pofu na ni nzito kiasi cha kumwangusha nyati. Mpaka leo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya chini kabisa kwa wanyama hatari hapa Tanzania.

Kila kijiwe cha bunduki kina mtu atakayekutajia W.D.M. Bell. Mskoti huyu, aliyewinda Karamoja, kaskazini mwa Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi nyembamba ya milimita 7. Basi, watasema, ndogo inatosha! Wanachoruka ni kwamba Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, alitumia risasi ngumu, na alitembea mpaka akamaliza jozi 24 za viatu katika mwaka mmoja. Wembamba wa risasi yake uligharimiwa na soli.

Gari ndilo lililoharibu adabu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 watu walikuwa wanaingia Serengeti na magari, wanapiga simba wakiwa wameketi, na Denys Finch Hatton, mwindaji mwenyewe, akapiga kelele kwenye magazeti ya London. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951, na leo sheria inakataza kuwinda kutoka kwenye gari. Kwenye mbuga wazi za Maswa, ambako kongoni na swala granti wanakuona kabla hujawaona, risasi ya masafa ina kazi yake halali. Ile ya .300 ya Winchester, iliyotoka mwaka 1963, ukiirekebisha kwa mita 200 itashuka kama shibiri moja tu ikifika 300. Lakini upepo wa mchana hauna rekebisho la kudumu, na mnyama aliyejeruhiwa mita 300 mbele yako atapotea kabla hujasimama.

Idara za wanyamapori hazikufuata njia hiyo. Enzi ya Mwingereza mabwana nyama walishika .404 ya Jeffery. Viwanda vya Uingereza vilipoacha kutengeneza risasi nzito miaka ya 1960, .458 ya Wamarekani, ya mwaka 1956, ikachukua nafasi. Nayo ilikuwa na kasoro: baruti ilishindiliwa mno ndani ya ganda fupi, na za mwanzo zilizokaa stoo muda mrefu ziligandamana zikawa hazichomi sawasawa. Risasi yake ina gramu 32.4. Ukiirekebisha kwa mita 100, ikifika 200 imeshashuka zaidi ya robo mita. Hakuna mwenye akili anayeipeleka huko.

Kwa kiboko wa Kayenzi au Bugogwa, hesabu inabadilika tena. Kinachoonekana juu ya maji ni macho, masikio na pua, na ubongo ni mdogo kuliko unavyodhani ukiangalia kichwa kile. Risasi ikigonga maji kwa pembe ndogo haizami, inadunda. Ile ya masafa inaweza kwenda kilomita nne na zaidi juu ya ziwa tupu, na ziwa la huku halina utupu: kuna mitumbwi, kuna nyavu, kuna watoto wanaooga nyuma ya jiwe. Askari hutafuta mwinuko ili alenge kwa kushuka, anasogea, anangoja kichwa kigeuke ubavu. Akipiga vizuri kiboko huzama papo hapo, na inabidi kusubiri tena, saa moja au zaidi, hadi tumbo lijae hewa na mzoga uibuke. Kufikia hapo visu vimeshanolewa, na ufukwe umejaa watu wenye ndoo.