Kona ya Reli na Kitanzi cha Rolakosta

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa sababu ya shaba. Machimbo ya Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, yalihitaji njia ya kupeleka mzigo kwenye kiwanda cha kuyeyushia kule Jinja, penye umeme wa bwawa la Owen Falls. Njia ya upana wa mita moja ikavutwa kutoka Kampala, kiasi cha kilomita 330, ikashuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Kasese.

Garimoshi haliwezi kushuka ukingo kama huo kwa mstari ulionyooka. Njia huzungushwa ili urefu uongezeke na mteremko upungue; kule Mazeras, nyuma ya Mombasa, reli ilipindwa mpaka ikapita juu yake yenyewe. Lakini kona nayo ina taabu yake. Behewa likitoka kwenye mstari mnyoofu na kuingia ghafla katika duara, abiria husukumwa upande mmoja na magurudumu hugonga reli ya nje. Kufikia mwisho wa karne ya 19 wahandisi wa reli walikuwa wanatumia mpindo unaokazwa kidogo kidogo, ambao hesabu zake zilikwishafanywa na Leonhard Euler karne moja kabla. Mpindo huo huitwa klothoidi.

Waliojenga rolakosta za mwanzo hawakuufuata. Flip Flap Railway, iliyofunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1895, ilikuwa na kitanzi cha duara kamili, na ikapata sifa mbaya ya kuumiza shingo za watu. Sababu yake iko wazi katika hesabu. Kigari kikipita kileleni kwa kasi ndogo kabisa inayokizuia kuanguka, chini ya duara hilo hilo abiria hubanwa kwa nguvu iliyo mara 6 ya uzito wake, na mbano huo humfika kwa mkupuo. Mbunifu mwingine, Edwin Prescott, alijaribu umbo la yai mwaka 1901. Ulikuwa uamuzi mwema, ila biashara haikudumu, kwa kuwa kigari kilichukua watu 4 tu na wengi waliona afadhali kutazama.

Jibu lilipatikana mwaka 1976 huko California, katika rolakosta ya Revolution. Anton Schwarzkopf aliijenga, naye Werner Stengel akapiga hesabu. Kitanzi chake kilikuwa kipana chini, ambako kasi ni kubwa, na chembamba juu, ambako kasi imepungua: ni klothoidi ya reli iliyosimamishwa wima.

Vitanzi hivyo vikaingia pia kwenye kompyuta: mwaka 1999 Mskoti Chris Sawyer alitoa RollerCoaster Tycoon, mchezo wa kuendesha bustani ya burudani, alioandika karibu wote kwa lugha ya asembli. Kitanzi humo ni kipande kilichokwisha kukatwa, hivyo mchezaji mbunifu hutafuta upya wake katika kuunga vipande. Nusu kitanzi huacha kigari kikiwa kichwa chini. Nusu hiyo ikiungwa na nusu skrubu, kigari hurudi wima kikielekea kwingine. Kisha hufuata majaribio, na mchezo huonyesha msisimko, ukali na kichefuchefu kwa tarakimu. Ukali ukizidi 10, karibu wageni wote hukataa kupanda, hata kama mwenye bustani anaona amebuni ajabu ya dunia.

NoLimits, programu ya Ole Lange iliyotoka mwaka 2001, ilivunja mipaka ya vipande. Mchezaji huweka nukta hewani na njia huziunganisha, kwa hiyo kitanzi chaweza kulazwa, kusokotwa au kupindwa bila kumgeuza abiria. Uhuru huo ndio unaowashinda wanagenzi, kwani nukta mbili zikikaribiana mno, kigari hurushwa kama behewa lililoingia kona bila maandalizi. Wazoefu huizungusha njia kwa kufuata kimo cha moyo wa abiria, mita moja na kidogo juu ya reli, ili kiwiliwili kisiyumbe. Utaratibu huo pia ni wa Stengel, na programu hiyo sasa hutumiwa hata na makampuni yanayojenga rolakosta za chuma.