Biti, baiti na modemu: Maneno ya intaneti yanayogusa mfuko wako

Mtu ananunua kifurushi cha gigabaiti 1 asubuhi. Anatazama video mbili tatu, na kabla ya saa sita mchana anapata ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha. Mwingine analipia intaneti ya nyumbani yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, lakini akipakua faili kompyuta inamwonesha megabaiti 1 na ushee tu. Wote wawili wanahisi wameibiwa. Huenda kweli kuna kasoro, lakini mara nyingi kinachowachanganya ni maneno. Katika makala haya tunaeleza maneno ya msingi ya mawasiliano ya data, ili ukienda kulalamika ujue unalalamikia nini.

Biti na baiti

Simu na kompyuta hufanya kazi kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Tarakimu moja ya namna hiyo huitwa biti. Biti 8 zikiwekwa pamoja huwa baiti 1, ambayo inatosha kuhifadhi herufi moja ya kawaida. Kilo ni elfu, mega ni milioni na giga ni bilioni.

Tofauti ya biti na baiti ndiyo inayoleta kizaazaa. Ukubwa wa faili na wa kifurushi hupimwa kwa baiti, na kifupi chake huandikwa kwa B kubwa: MB, GB. Kasi ya intaneti hupimwa kwa biti kwa sekunde, na huandikwa kwa b ndogo: Mb/s au Mbps. Kwa hiyo ukiona kasi imetangazwa, igawe kwa 8. Megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, hata pale mtandao unapofanya kazi bila dosari yoyote. Yule wa intaneti ya nyumbani hakuibiwa.

Sasa turudi kwa yule wa kifurushi. Gigabaiti 1 ni sawa na megabiti 8,000. Simu ikipakua mfululizo kwa megabiti 20 kwa sekunde, kifurushi chote kinapita kwa sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40. Video inayotumia megabiti 5 kwa sekunde inamaliza gigabaiti 2.25 kwa saa moja. Ukishusha ubora wake hadi megabiti 1 kwa sekunde, saa hiyohiyo itakugharimu megabaiti 450. Ndiyo maana mtu anapohamia mtandao wenye kasi zaidi huona kifurushi kinaisha upesi, kwa kuwa programu nyingi huongeza zenyewe ubora wa video zikikuta njia nyeupe.

Modemu

Mitaani, modemu ni kile kifaa kidogo chenye laini ya simu ndani yake kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kusema kweli, kila simu inayoingia kwenye intaneti ina modemu ndani yake. Jina hilo limeunganishwa kutoka maneno mawili: modulesheni, yaani kupandisha data juu ya wimbi, na demodulesheni, yaani kuishusha upande wa pili. Msikilizaji wa redio anaijua kazi hiyo bila kuambiwa. Herufi M katika FM ni ya neno hilohilo, modulesheni. Kituo hupandisha sauti ya mtangazaji juu ya wimbi, nayo redio yako huishusha. Tofauti ni kwamba modemu hufanya yote mawili, kupeleka na kupokea.

Modemu za mwanzo zilipitisha data kwenye waya za simu zilizotengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Bell 103 ya kampuni ya AT&T ya Marekani, iliyotoka mwaka 1962, ilikuwa na kasi ya biti 300 kwa sekunde, takriban herufi 30. Mwaka 1998 kiwango cha kimataifa kiitwacho V.90 kilifikisha biti 56,000 kwa sekunde, na hapo njia ya kupiga simu ilikuwa karibu imefika ukomo wake. Kwa kasi hiyo, picha ya megabaiti 3 ilihitaji zaidi ya dakika 7.

Baudi

Neno hili linatokana na jina la Émile Baudot, mhandisi wa simu za maandishi wa Ufaransa. Baudi ni idadi ya mara ambazo wimbi hubadilika kwa sekunde. Wengi huichukulia kuwa ni sawa na biti kwa sekunde. Ilikuwa hivyo kwa Bell 103, ambapo kila badiliko lilibeba biti moja. Baadaye wahandisi waliweza kubebesha badiliko moja biti kadhaa. Modemu ya baudi 600 iliyobeba biti 4 kila badiliko ilipeleka biti 2,400 kwa sekunde. Modemu za leo zinafuata ujanja huohuo.

Upana wa bendi na uchelewaji

Upana wa bendi ni nafasi ya masafa ambayo mawasiliano yamepewa. Kadiri nafasi inavyokuwa kubwa, ndivyo biti nyingi zaidi zinavyoweza kupita kwa wakati mmoja. Katika mtandao wa simu, nafasi hiyo mnagawana wote mlio chini ya mnara mmoja. Kwa hiyo ukisoma tangazo la "hadi megabiti 20", litilie maanani neno "hadi". Hicho ni kilele, na saa za jioni watu wanapojaa kasi hushuka.

Uchelewaji ni jambo jingine. Ni muda ambao ombi lako linachukua kwenda na jibu kurudi. Satelaiti zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka, na safari hiyo peke yake huchukua karibu nusu sekunde. Faili litapakuliwa vizuri, lakini katika mazungumzo ya video mtakatizana maneno.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya Afrika Mashariki hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009. Ndani ya mkongo data husafiri kama mwanga kwenye nyuzi za kioo, kwa njia fupi zaidi. Hata hivyo mkongo hukatika. Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya EASSy na SEACOM upande wa Afrika Kusini ilidhoofisha intaneti Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo, kubadilisha modemu hakusaidii kitu.

Pakiti, itifaki na ruta

Data haisafiri kama furushi moja. Hukatwa vipande viitwavyo pakiti, kila kimoja kikiwa na anwani ya kinakotoka na kinakokwenda. Sheria za kukata, kupeleka na kuunganisha tena huitwa itifaki. Pakiti ikipotea njiani, mara nyingi hutumwa tena. Anwani na marudio hayo nayo ni data, na yanachangia kufanya kasi unayoipata iwe chini kidogo ya ile ya hesabu.

Ruta ndiyo inayoelekeza pakiti. Ruta ya nyumbani hugawa intaneti kwa vifaa vyako, mara nyingi kwa Wi-Fi, wakati modemu ndiyo inayokuunganisha na dunia ya nje. Siku hizi vyote viwili huwekwa ndani ya boksi moja, na ndiyo maana alama ya Wi-Fi inaweza kujaa huku hakuna kinachofunguka. Umefika kwenye ruta, lakini upande wa modemu njia imefungwa.

Kabla ya kulipa au kulalamika

Uliza mambo matatu: kasi ni biti ngapi kwa sekunde, kifurushi ni baiti ngapi, na je, kasi itapunguzwa ukifika kiwango fulani? Zima masasisho ya programu yanayojipakua yenyewe unapotumia kifurushi, na chagua mwenyewe ubora wa video. Kisha pima kasi asubuhi na jioni, siku kadhaa, na uandike matokeo. Ukienda na karatasi hiyo kwa mtoa huduma, mtazungumza lugha moja.