Kifaa cha redio hupimaje umbali, na kwa nini hukosea?

Msikilizaji, kama umewahi kupiga kelele kwenye mawe makubwa ya huku kwetu Singida ukasikia mwangwi, nusu ya jambo hili unaijua. Vifaa vidogo vya redio, vikiwemo vilivyomo kwenye baadhi ya simu, hutuma ishara, hungoja jibu na kuhesabu muda.

Shida ni mwendo. Mawimbi ya redio huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo saa ya kifaa ikikosea sehemu moja tu ya bilioni ya sekunde, kipimo kinapotea sentimita 15, maana ishara huenda na kurudi. Chukua saa ya bei nafuu inayokosea sehemu 20 katika milioni: kifaa cha pili kikichelewa kujibu kwa elfu moja ya sekunde, umbali unaweza kupotea mita 3. Mbuzi aliye zizini ataonekana yuko nje.

Halafu kuna mazingira. Bati huyarudisha mawimbi, ukuta mnene wa tembe huyapunguza nguvu, na mwili wa mtu, kwa kuwa umejaa maji, huyazuia. Ishara iliyozungukia kwenye bati ikidhaniwa ndiyo iliyonyooka, umbali unarefuka.

Shambani huwezi kutenganisha kosa la saa na kosa la bati. Ndiyo maana wahandisi huigiza kwanza kwenye kompyuta: wanaweka umbali wanaoujua, wanaongeza mwangwi, kelele na saa mbovu, wanarudia maelfu ya mara na kuona kosa limetoka wapi. Aliyesahau kuweka bati, bila shaka, atapata majibu mazuri ya uongo.

Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust waliwavisha watu wa kaya za kijijini vifaa vya redio kifuani, ili kujua nani hukaribiana na nani, maana ndivyo magonjwa ya njia ya hewa yanavyosambaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Vifaa hivyo havikupima muda. Vilitumia ishara dhaifu, inayonaswa watu wakikaribiana uso kwa uso, kama mita moja na nusu. Hapo mwili kuzuia mawimbi kuligeuzwa faida: waliopeana mgongo hawakuhesabiwa.

Ila kwa sababu hiyohiyo, mama mwenye kifaa kifuani na mtoto mgongoni anaweza kusomeka kama hayuko karibu na mwanawe.